Simu kwa simu: mnara ugawe masafa, au simu zijigawie?

Simu mbili zikiwa mita 20 tu kati yao na mnara ukiwa kilomita moja, kupitisha faili mnarani ni kuzunguka bure. Umbali ukipungua mara 50, nguvu ya mawimbi inayopotea njiani hupungua mara 2,500 hata mahali peupe pasipo ukuta. Katikati ya mji tofauti huwa kubwa zaidi. 3GPP, chombo kinachoweka viwango vya mitandao ya simu duniani, kiliingiza mawasiliano ya simu kwa simu katika toleo la 12 la viwango vyake, lililokamilika 2015. Ubishi uliobaki ni juu ya mgawaji. Toleo lile liliruhusu njia mbili: mnara upange nani atumie masafa gani na lini, au simu zitengewe fungu mapema kisha kila moja ijichagulie humo.

Hoja ya mnara ni nzito. Simu zinazoongea zenyewe kwa zenyewe kwa kawaida huazima masafa ya kupandishia, yale ambayo simu hutumia kupeleka data mnarani. Watu hushusha data nyingi kuliko wanayopandisha, kwa hiyo upande huo huwa na nafasi. Tena mawimbi yakigongana, anayeumia ni mnara wenyewe, na mnara una uwezo wa kuiamuru simu ipunguze nguvu. Simu zingeazima masafa ya kushushia, angeumia jirani aliyekaa chumba cha pili, asiyejua usumbufu unatoka wapi wala amlalamikie nani.

Lakini mnara hausikii hewa iliyo kati ya simu mbili. Ili upange vizuri, simu lazima zipime na kutoa ripoti kila mara, na ripoti hizo zinakula betri na masafa yale yale tunayotaka kuokoa. Ongeza radio nyingine, hesabu inalipuka: jozi 10 za simu, kila moja ikichagua kati ya LTE (mtandao wa 4G), Wi-Fi na Bluetooth, zina mipangilio 59,049, hata kabla hujagusa chaneli wala nguvu ya kurushia. Mnara hauna muda wa kuijaribu yote. Unaridhika na jibu linalokaribia lililo bora.

Uganda kwa sasa iko upande wa simu kujigawia, wala haikuuchagua. Simu za kawaida zinazouzwa madukani haziongei moja kwa moja kwa masafa ya LTE. Zina Wi-Fi na Bluetooth, na watu wanarushiana faili kwa Xender, programu ya simu ya kazi hiyo. Ingia jengo lolote la maduka ya simu katikati ya Kampala, fungua orodha ya Wi-Fi, utakuta majina ya hotspoti yanapanda skrini hadi uchoke kusoma. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli za Wi-Fi zisizopandana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Wote hao wanapeana zamu humo. Bluetooth nayo inarukaruka mara 1,600 kwa sekunde kati ya chaneli 79, ikizikwepa zilizojaa. Hakuna msimamizi, na bado faili zinafika.

Zinafika, ila kwa mwendo wake. Filamu ya megabaiti 700 kwa Bluetooth ya megabiti 2 kwa sekunde inachukua dakika 47 hivi. Wi-Fi ikipata megabiti 100, haifiki dakika. Kwa ujumbe wa maneno kumi, kuwasha Wi-Fi ni kupoteza betri bure. Uchaguzi wa radio ufuate mzigo, na simu ndiyo inayoujua mzigo, si mnara.

Halafu kuna pesa na serikali. Mwaka 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikabadili kwa kodi ya asilimia 12 kwenye data. Wimbo uliorushwa kwa Bluetooth hauchangii hata senti, wala haumalizi bando la mtu. Januari 2021 intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Mgawaji akiwa mnara peke yake, amri ya kuzima inaweza kuwafikia hata watu wawili walioketi benchi moja. Polisi naye ana neno lake: sheria ya 2010 ya kunasa mawasiliano inawategemea watoa huduma, na data isiyopita kwao hawana cha kumkabidhi.

Mimi naona swali linaulizwa kana kwamba nchi nzima ni Kampala. Kampala kinachopungua ni masafa, na hapo mnara usimamie. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wilaya za Bududa na Bulambuli, masafa yapo tele. Mnara ukikosa umeme baada ya maporomoko, yanakaa bure huku aliyefukiwa akiwa na simu mfukoni. Tume ya Mawasiliano ya Uganda ingeweza kuandika kwenye leseni kwamba kila kampuni itenge fungu dogo la masafa ambalo simu zitajigawia mnara ukinyamaza. Kampuni zitasema zimelipia masafa hayo, na kwa Kampala wana haki. Basi fungu lipimwe kwa wilaya.

Kikwazo kikubwa kiko kwa mtu wa tatu. Toleo la 17 linaruhusu simu kupitishia wengine mawasiliano, na betri inayoisha ni ya huyo aliye katikati. Kijijini ambako kuchaji simu kunalipiwa dukani, hilo ni deni. Mwenye simu awe na kitufe cha kukataa, na akikubali, kampuni iliyopata huduma kupitia simu yake imrudishie kwa bando.