Jan Vyčítal na kundi lililobadili jina likabaki lile lile

Kundi liliitwa Limbukeni. Wakubwa wa serikali wakasema jina hilo halifai, nalo likajiita Limbukeni. Kilichobadilika ni lugha tu: Greenhorns ya Kiingereza ikawa Zelenáči ya Kicheki. Hiyo ni Chekoslovakia ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, muda mfupi baada ya vifaru vya Kisovieti kuingia Agosti 1968, pale jina la Kiingereza jukwaani lilipohesabiwa kuwa uchokozi.

Jan Vyčítal (1942–2020), mwimbaji, mtunzi na mchora katuni, alikuwa miongoni mwa waasisi wa kundi hilo katika miaka ya 1960. Wapo wanaoiona kantri yake, yaani muziki wa mashambani wa Kimarekani, kuwa nguo ya kuazima: Mcheki na Texas wapi na wapi? Hoja hii hainisumbui. Tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza vijana wa Kicheki walikuwa wakikimbilia msituni mwisho wa wiki, wanakoka moto, wanapiga gitaa na kuzipa kambi zao majina ya Kimarekani. Vyčítal aliikuta nguo hiyo imeshavaliwa na baba zake.

Tena hakuivaa kama ilivyoshonwa. Chukua wimbo wa Johnny Cash, mwimbaji wa kantri wa Marekani, wa mfungwa wa gereza la Folsom anayesikia treni ikipita. Katika maneno ya Kicheki ya Vyčítal, kabla ya gereza anatangulia babu: kichaa wa Texas, mzururaji asiyetulia, aliyeacha darini bunduki iliyochakaa, na watoto wa jirani wanakuja kuishangaa. Kwa Cash babu huyo hayupo. Mama anayemkanya mwanawe asichezee silaha yupo kwa wote wawili, ila kwa Vyčítal silaha ni urithi uliomo ndani ya nyumba. Mimi siuiti huo mwigo.

Hoja nzito ni nyingine. Karel Kryl, mwimbaji wa Kicheki aliyeimba waziwazi dhidi ya uvamizi wa 1968, aliondoka nchini mwaka 1969 na kuishi uhamishoni Ujerumani Magharibi. Greenhorns walibadili jina wakaendelea kurekodi. Watetezi wao husema nyimbo za reli na nyika ziliwapa pumzi watu waliofungiwa mipaka. Ni kweli, lakini pumzi hiyo haikuwatisha watawala: mtu aliota Texas Jumamosi, Jumatatu akarudi kazini kimya. Sidhani kama ni haki kumpima kila mwanamuziki kwa kipimo cha Kryl, ila kuiita kantri ile upinzani ni kuipamba kupita kiasi. Walitoa jina, wakabaki na nyimbo. Mimi nadhani walipata nafuu katika biashara hiyo, ingawa bei haikuwa ndogo.

Mwaka 1978 Cash mwenyewe alitumbuiza Praha. Bila shaka ukumbini walikuwamo waliomfahamu yule babu wa darini kabla ya kumfahamu Cash.