Gaddafi angebaki, Libya ingekuwa salama?

Ukiitaja Libya barazani, hakosekani mtu wa kukuambia kwamba Gaddafi aliwasomesha watu wake bure, akawatibu bure, na petroli kwake ilikuwa rahisi kuliko maji ya chupa. Kisha anamalizia: "Leo wanajuta." Afrika Mashariki hoja hii ina wafuasi wengi. Msikiti mkubwa wa Old Kampala ulijengwa kwa fedha za Libya, na wito wa Gaddafi wa Afrika moja uliwavutia hata watu wanaokumbuka kwamba mwaka 1979 alipeleka wanajeshi kumsaidia Idi Amin katika vita vya Kagera. Siku hizi hoja yenyewe haiishii Libya. Inatumika pia kwa Misri, Syria, Yemen na Sudan: Waarabu waliingia barabarani kuwang'oa watawala wao, wamepata nini? Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Mwenye kusema hivyo asibezwe, maana ushahidi anao. Katika ripoti ya maendeleo ya binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, Libya ilikuwa juu ya nchi zote za Afrika. Mwaka 2017 dunia ilitazama video ya vijana wa Kiafrika wakinadiwa kama bidhaa katika nchi hiyohiyo. Leo kuna serikali Tripoli na mamlaka nyingine mashariki chini ya kamanda Khalifa Haftar, na mwaka 2023 mabwawa mawili yalipasuka juu ya mji wa Derna, maelfu ya watu wakafa. (Nyufa za mabwawa hayo, kwa haki ya Mungu, zilijulikana tangu 1998, Gaddafi akiwa madarakani.) Misri nayo ilimwondoa Hosni Mubarak, jenerali wa jeshi la anga, ikaishia kwa Abdel Fattah al-Sisi, jenerali wa jeshi la nchi kavu. Yemen ikapata vita na njaa.

Kasoro ya hesabu hii ni tarehe inapoanzia. Inaanza Februari 2011, kana kwamba kabla ya hapo Libya haikuwa ikidaiwa kitu. Maandamano ya Benghazi yalianza tarehe 15 mwezi huo, baada ya kukamatwa kwa wakili Fathi Terbil. Terbil alizitetea familia za wafungwa waliouawa katika gereza la Abu Salim, Tripoli, Juni 1996. Human Rights Watch inakadiria kuwa waliuawa zaidi ya 1,200. Kwa miaka kadhaa familia nyingi hazikuambiwa lolote, zikaendelea kupeleka chakula na nguo gerezani kwa watu waliokwisha kufa. Mama wa mfungwa wa namna hiyo hakuwa na la kufanya na petroli ya bei rahisi. Zimwi lilikuwa likila siku zote, ila lilikula gizani.

Tuseme basi tumeiweka haki kando kwa muda, tunahesabu vifo na magofu tu. Hata hapo hoja ya "angebaki" inakwama, na inakwama Syria. Rais Bashar al-Assad hakung'olewa mwaka 2011. Vijana wa Daraa walikamatwa na kuteswa kwa kuandika ukutani maneno ya kuupinga utawala, watu wakaandamana, naye akajibu kwa risasi, kisha kwa vifaru, kisha kwa ndege. Iran na kundi la Hezbollah la Lebanon wakamsaidia kwa wapiganaji, na kuanzia Septemba 2015 ndege za Urusi zikawa zake. Alibaki madarakani zaidi ya miaka 13. Katika muda huo zaidi ya nusu ya Wasyria walihama makwao, wengine ndani ya nchi na wengine nje, na Aleppo na Homs zikageuka vifusi mtaa kwa mtaa. Libya wageni walimwondoa mtawala. Syria wageni walimbakiza.

Yemen ikajaribiwa njia ya tatu, ile ambayo watu wa busara huipendekeza daima: mazungumzo. Novemba 2011, mjini Riyadh, Rais Ali Abdullah Saleh alitia saini makubaliano ya kumwachia madaraka makamu wake, Abdrabbuh Mansur Hadi, naye akahakikishiwa kwamba hatashtakiwa. Akabaki Sanaa, na chama chake mkononi na makamanda wake jeshini. Mwaka 2014 Wahouthi, waasi wa kaskazini waliokuwa adui zake, wakauteka mji mkuu, na sehemu kubwa ya jeshi lililomtii Saleh ikawaachia njia. Saudi Arabia na washirika wake wakaanza mashambulizi ya anga Machi 2015. Desemba 2017, baada ya kuvunja urafiki huo, Saleh akauawa na Wahouthi walewale.

Mmoja aling'olewa, mmoja alibaki, mmoja alibembelezwa aondoke, na nchi zote tatu zikaangamia. Ni vigumu basi kudai kwamba kuondoka kwa mtu mmoja ndiko kulikoleta maangamizi. Tutafute kitu ambacho nchi hizi tatu zilikuwa nacho kwa pamoja, na ambacho Tunisia haikuwa nacho.

Kwa maoni yangu kitu hicho ni bunduki za familia. Libya, kikosi chenye silaha bora kilikuwa Brigedi ya 32, kamanda wake Khamis, mtoto wa Gaddafi, ilhali jeshi la kawaida liliachwa lidhoofike makusudi lisije likampindua. Syria, Divisheni ya Nne ilikuwa mkononi mwa Maher, ndugu wa Bashar. Yemen, Walinzi wa Jamhuri waliongozwa na Ahmed Ali, mtoto wa Saleh. Mwanajeshi wa vikosi hivyo hakulinda dola inayoweza kubadilisha rais ikaendelea kuwepo. Alilinda ukoo, na ukoo ukianguka naye anaanguka. Atapigana mpaka mwisho, na walio upande wa pili watatafuta silaha. Maandamano yanageuka vita kabla waandamanaji hawajakubaliana hata wanataka katiba ya aina gani.

Tunisia jeshi lilikuwa dogo, limezoea kukaa mipakani, na Rais Ben Ali alilitegemea jeshi la polisi kuliko wanajeshi. Muuza matunda Mohamed Bouazizi alijichoma moto Sidi Bouzid tarehe 17 Desemba 2010. Tarehe 14 Januari 2011 rais aliyetawala miaka 23 alikuwa ndani ya ndege kuelekea Saudi Arabia. Katikati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na jambo linalosahaulika kila mara watu wanaposifu Facebook kuwa ndiyo iliyoleta mapinduzi: chama kikuu cha wafanyakazi, UGTT, kilichoasisiwa mwaka 1946. Viongozi wake wa juu walisitasita, lakini matawi ya mikoani yalifungua milango kwa vijana, yakaitisha migomo, hadi mgomo mkubwa wa Sfax siku mbili kabla ya Ben Ali kukimbia. Mwaka 2013, baada ya wanasiasa wawili wa upinzani kuuawa kwa risasi na nchi kukaribia kupasuka, ni UGTT hao, pamoja na waajiri, mawakili na watetezi wa haki za binadamu, waliowaketisha mahasimu mezani. Ennahda, chama cha Kiislamu kilichokuwa kikiongoza serikali, kikaiacha serikali bila vita, katiba mpya ikapita Januari 2014, na wapatanishi wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2015.

Misri ilikuwa na jeshi lenye mali yake: viwanda, mashamba, vituo vya mafuta, pamoja na msaada wa Marekani wa dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Jeshi la namna hiyo halimhitaji Mubarak. Linahitaji utaratibu unaolinda mali hizo. Tena majenerali hawakumpenda Gamal, mtoto wa rais, aliyekuwa akiandaliwa urithi akiwa na marafiki zake wafanyabiashara. Ndiyo maana siku 18 za maandamano ya uwanja wa Tahrir, Cairo, zilitosha. Watu waliimba kwamba jeshi na wananchi ni mkono mmoja, na tarehe 11 Februari 2011 jeshi likamtoa mzee ili libaki lenyewe. Waliokuwa wamejipanga nje ya jeshi walikuwa Ndugu Waislamu peke yao. Mgombea wao, Mohamed Morsi, alishinda urais mwaka 2012 kwa chini ya asilimia 52, kisha Novemba mwaka huo akatoa amri ya kuweka maamuzi yake juu ya mahakama, kosa kubwa kwa mtu aliyepita kwa tofauti ndogo kiasi hicho. Mamilioni wakaandamana dhidi yake Juni 2013, jeshi likampindua tarehe 3 Julai. Tarehe 14 Agosti, katika uwanja wa Rabaa walipopiga kambi wafuasi wa Morsi, vikosi vya usalama viliua watu wasiopungua 817, kwa hesabu ya Human Rights Watch. Baadhi ya wanaharakati waliolala Tahrir kwa ajili ya uhuru walilishangilia jeshi siku zile za Julai. Hapo wapinzani wa maasi wana hoja nzito: umma wa barabarani unaweza kumwangusha dikteta, na unaweza pia kumkaribisha mwingine kwa vigelegele.

Ghuba nitaipitia kwa haraka. Bahrain, ambako wananchi wengi ni Washia na vikosi vya mfalme vimejaa Wasuni, wengine wameajiriwa kutoka nje, maandamano yalizimwa baada ya askari wa Saudi Arabia kuvuka daraja la bahari Machi 2011. Mnara wa mzunguko wa Lulu walipokusanyika watu ukabomolewa. Saudi Arabia ilitumia mabilioni ya dola kutuliza watu wake. Oman, ambako Kiswahili bado kinasikika majumbani mwa walioishi Zanzibar, vijana wa Sohar walidai kazi na kuondolewa kwa mawaziri mafisadi, wala hawakudai Sultan Qaboos aondoke. Aliwafukuza mawaziri kadhaa na kuahidi nafasi za kazi 50,000. Mwenye mafuta ana njia za kujibu ambazo Tunisia haikuwa nazo.

Swali la NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi ulioishambulia Libya kwa ndege, haliwezi kurukwa. Azimio 1973 la Baraza la Usalama, Machi 2011, liliruhusu kuwalinda raia, na nchi tatu za Afrika zilizokuwemo barazani, Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, zote zililipigia kura ya ndiyo. Vikosi vya Gaddafi vilikuwa vimefika kwenye viunga vya Benghazi, naye alikuwa ameahidi kuwasaka wapinzani nyumba kwa nyumba. Kuvizuia hapo naona kunateteeka. Kuendelea kupiga mabomu hadi Oktoba, mpaka Gaddafi anauawa Sirte, kisha kufunga virago mwisho wa mwezi uleule, hakuteteeki. Umoja wa Afrika ulituma ujumbe wa marais mwezi Aprili. Gaddafi akasema anakubali mpango wao, waasi wakaukataa kwa sababu haukumtaka aondoke. Mmoja wa marais hao alikuwa Amadou Toumani Touré wa Mali. Chini ya mwaka mmoja baadaye, wapiganaji wa Kituareg waliorudi na silaha kutoka Libya walikuwa wameteka miji ya kaskazini mwa nchi yake, na wanajeshi wenye hasira wakampindua. Waliodhani moto wa Libya utabaki Libya waliambiwa mapema, hawakusikia.

Sudan ndiyo inayonipa shida zaidi, kwa sababu huko watu walijifunza kutokana na makosa ya wengine. Maandamano ya Desemba 2018 yaliyoanzia Atbara juu ya bei ya mkate yaliratibiwa na Muungano wa Wanataaluma na kamati za mitaa. Rais Omar al-Bashir alipoondolewa tarehe 11 Aprili 2019, umati haukuondoka mbele ya makao makuu ya jeshi kama walivyoondoka Tahrir. Ulibaki kudai serikali ya kiraia. Tarehe 3 Juni ukamiminiwa risasi. Hata hivyo makubaliano ya kugawana madaraka yalipatikana Agosti, hadi jeshi lilipoyafuta kwa mapinduzi ya Oktoba 2021. Vita vya Aprili 2023 vilizuka kati ya jeshi la Jenerali Burhan na RSF, kikosi cha wanamgambo cha kamanda Hemedti, na vimewahamisha zaidi ya watu milioni 10. Nani alitengeneza RSF? Bashir mwenyewe, kutokana na wanamgambo wa Janjaweed wa Darfur, akakihalalisha kwa sheria mwaka 2017 ili kimkinge na jeshi lake. Raia walijipanga vizuri kuliko Wamisri, na bado haikutosha mbele ya majeshi mawili aliyoyaacha mtu mmoja.

Kujipanga hakukutosha hata Tunisia. Serikali zikabadilika, ajira haikuja, na Rais Kais Saied alipolisimamisha bunge tarehe 25 Julai 2021 watu wengi walishangilia mitaani. Leo Rached Ghannouchi wa Ennahda yuko gerezani, na uchaguzi wa 2024 ulimrudisha Saied kwa zaidi ya asilimia 90 ya kura huku wapiga kura wakiwa chini ya theluthi moja. Anayesema kwamba demokrasia isiyoleta mkate haidumu anaweza kuionyesha Tunisia, nami sina la kumbishia. Nitamkumbusha tu kwamba haikuangamia. Hakuna aliyekimbia Sfax kwa sababu ya mabomu.

Assad naye alianguka, tarehe 8 Desemba 2024, siku chache baada ya mashambulizi ya waasi yaliyoanza mwishoni mwa Novemba. Akakimbilia Moscow, na milango ya gereza la Sednaya ikafunguliwa. Machi 2025 rais mpya, Ahmed al-Sharaa, alitia saini tamko la katiba la kipindi cha mpito cha miaka mitano. Mwezi huohuo mamia ya Waalawi, watu wa madhehebu ya Assad, waliuawa pwani, na miongoni mwa wauaji walikuwemo wapiganaji walio upande wa serikali mpya. Makundi yenye silaha yaliingizwa katika wizara ya ulinzi, mengine yakiwa na makamanda wao walewale. Aprili ikaja habari ya uteuzi ambayo haikuzungumzwa sana: katibu mkuu mpya wa ofisi ya rais alikuwa ndugu wa al-Sharaa, naye pia anaitwa Maher, kama ndugu wa Assad. Cheo alichopewa ni cha ofisini, si cha divisheni.