Kabla ya masika, pimeni visima

Ikifika Machi, swali mitaani ni lile lile: masika ya mwaka huu yatakuwa makubwa au madogo? Swali zuri, ila ni nusu ya hesabu. Nusu nyengine iko chini ya miguu yetu. Ardhi imebakiwa na nafasi kiasi gani ya kumeza mvua hiyo? Naamini kwa dhati kwamba Unguja na Pemba tunafuatilia mno mawingu na kuvisahau visima, ndiyo maana mafuriko ya Mei na uhaba wa maji wa Februari tunavihesabu kama misiba miwili isiyojuana.

Tuchukue mtaa wa bondeni wenye udongo wa kichanga. Nafasi iliyo tayari kupokea maji mapya katika udongo wa aina hiyo mara nyingi ni asilimia 10 hadi 20 ya ujazo wake. Kwa asilimia 10, kila milimita 100 za mvua zinazozama hadi chini huinua maji ya kisima kwa mita 1. Kama mwishoni mwa Machi maji yako mita 1 na nusu tu kutoka juu, milimita 150 zinatosha kumaliza nafasi yote. Mvua inayofuata, hata iwe ya kawaida, haina pa kuingia. Makaro ya vyoo ndiyo huanza kujaa, tena kwa chini, kabla dimbwi halijaonekana barabarani. Ukiita gari la kunyonya, kesho karo limejaa tena, kwa sababu kilichomo si maji ya nyumba yako bali ni maji ya ardhi, na visima vya jirani navyo vinaingiwa na uchafu huo. Mtaa huo huo, kama vuli ilikuwa haba na maji yameshuka hadi mita 4, ungeipokea mvua ile ile bila shida kubwa.

Si kila mafuriko yanatoka chini, bila shaka. Kuna mabati, saruji na mitaro iliyozibwa na taka. Kinachotenganisha hayo mawili ni kisima. Maji yakituama mtaani huku kisima cha karibu kina maji mita 5 chini, tatizo ni la juu: zibueni mtaro, chimbeni mashimo ya kunyonyea maji ya mvua, yatafanya kazi. Lakini kisima kikiwa kimejaa karibu na mdomo, shimo la kunyonyea ni fedha ya kutupa, maana litajaa maji kabla ya mvua kunyesha. Hapo hakuna dawa isipokuwa kuyatoa maji nje ya eneo. Inauma kuona mashimo yanachimbwa kwa michango ya wananchi bila ya mtu kuchungulia kisima kwanza.

Upande wa ukame hesabu ni kali zaidi. Ukanda wa maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, kuanzia Makunduchi, Jambiani na Paje hadi Micheweni kule Pemba, maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari kama jahazi lenye shehena: sehemu ndogo iko juu, kubwa imezama. Kwa kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Geuza hesabu hiyo: kisima kikishuka sentimita 10 na kubaki hapo, mpaka wa chumvi hupanda polepole kiasi cha mita 4. Kwa hiyo maji yakipungua pwani, kuongeza kina cha kisima au kufunga pampu kubwa zaidi ni kuyafuata maji ya chumvi kule yaliko.

Kupima hakuhitaji mtambo. Chukua futi ya chuma ya mita 30, funga boliti safi mwishoni (risasi usitumie, ni sumu), na uioshe kwa maji yenye klorini kabla ya kuingiza. Weka alama ya rangi pahala pamoja kwenye ukingo wa kisima, na kila anayepima asome hapo hapo. Paka chaki mita ya mwisho ya futi, teremsha mpaka chaki iingie majini, soma kwenye alama, kisha vuta. Ukisoma mita 9.00 na chaki imelowa sentimita 37, maji yako mita 8.63 kutoka alama. Toa urefu wa ukingo, tuseme mita 0.80, ubaki na mita 7.83 kutoka ardhini. Rudia mara ya pili. Vipimo vikipishana zaidi ya sentimita 1, anza upya.

Makosa hutokea pahala pamoja kila siku. Pampu ikifanya kazi, au foleni ya ndoo ikiwa imeshaanza, unapima maji yaliyovutwa, si maji ya ardhi. Basi pima alfajiri, na pampu iwe imezimwa kwa saa kadhaa. Visima vya karibu na pwani hupanda na kushuka kwa maji kujaa na kupwa, kwa hiyo usilinganishe kipimo cha bamvua (siku za maji makubwa) na cha maji mafu (siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo). Andika saa na hali ya bahari. Ukingo ukijengwa upya, pimeni urefu wake tena. Na siku isiyopimwa iachwe wazi daftarini, isijazwe kwa kukisia. Kwenye maweni pia, ile hesabu ya asilimia 10 isiaminiwe sana: maji hupita mapangoni, kama Mto Mwera unavyomezwa na mawe, na kisima kinaweza kupanda ndani ya saa chache.

Kipima chumvi kidogo cha mkononi kiende pamoja na futi. Husoma kwa maikrosimensi, kipimo cha umeme unavyopita majini: chumvi ikizidi, namba hupanda. Maji ya bahari husoma takriban maikrosimensi 50,000 kwa sentimita. Kisima kizuri ni chini mno ya hapo. Namba ikipanda mwezi hadi mwezi, punguzeni kuvuta sasa, msingoje ulimi ushtuke.

Rai yangu ni kila shehia iteue kisima kimoja kisichovutwa na pampu, daftari likae kwa sheha, kipimo kiwe mara moja kwa wiki na kila siku wakati wa masika, na nakala ipelekwe Mamlaka ya Maji, ZAWA. Na daftari lisifungwe mvua inapokatika. Pale udongo unapopitisha maji polepole, kisima huendelea kupanda wiki kadhaa baada ya mvua ya mwisho, na kilele hicho ndicho cha kulinganisha na cha mwaka uliopita.