Toka nje asubuhi, akili yako nayo ina msimu

Siku hizi mtu akisema amechoka akili, ushauri wa haraka anaopewa ni "nenda katulize kichwa sehemu", na hapo kila mtu anawaza safari, hoteli, ufukwe, picha za kuposti. Mimi naona hapo ndo tunapopotea kabisa, maana tumeifanya asili kuwa kitu cha likizo, kitu cha mwenye hela na muda, wakati mwili unaihitaji kila siku, kidogo kidogo, kama unavyohitaji maji.

Naanza na mwanga kwa sababu kwangu mimi huo ndo msingi wa yote. Mwanga unapimwa kwa kipimo kinaitwa laksi. Chumba chenye taa za kawaida, hata kama we unakiona kinang'aa, mara nyingi kina laksi mia chache tu. Sasa toka nje siku ya mawingu, ile unayosema leo hakuna jua, bado unakutana na laksi maelfu, na jua likiwa wazi zinaweza kufika 100,000. Hatuoni hiyo tofauti kwa sababu macho yanajirekebisha haraka, ila ubongo unaijua, maana nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa sio kuona picha bali kupima mwanga na kupeleka taarifa kwenye saa ya mwili iliyoko ubongoni, na hiyo saa ndo inapanga usingizi uje saa ngapi, homoni gani itoke lini, joto la mwili lipande na kushuka lini. Mtu anayeshinda ndani kutwa nzima alafu usiku anawasha taa zote na simu iko usoni anaiambia hiyo saa kwamba mchana na usiku ni kitu kimoja. Usingizi unavurugika, na usingizi ukivurugika wiki mbili tatu unakuta hasira ziko karibu, machozi yako karibu, na kila tatizo limekuwa mlima.

Ndo maana nasisitiza asubuhi. Ukiamka toka nje kabla hujaanza kuperuzi, simama, tembea, fua, fagia, piga mswaki hukohuko nje, chochote, almuradi macho yako yakutane na anga (usiliangalie jua lenyewe moja kwa moja, hilo linaharibu macho). Haina gharama na haihitaji programu ya kwenye simu.

Sasa misimu. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliandika kuhusu watu ambao majira ya baridi yakiingia na siku zikawa fupi wanazama kwenye huzuni, wanalala kupita kiasi, wanatamani vyakula vya wanga, alafu siku zikirefuka wanainuka wenyewe. Tiba mojawapo mpaka leo ni kukaa karibu na taa maalumu ya laksi 10,000 kama nusu saa hivi kila asubuhi. Na wapo ambao kwao ni kinyume, joto likiingia ndo wanaanza kukosa usingizi na hamu ya kula na kuwa na wasiwasi usioeleweka. Fikiria ni watu wangapi wameitwa wavivu au wakorofi kumbe ni msimu! Hata karibu na ikweta ambako mchana na usiku havipishani sana bado kuna miezi ya mvua ambayo watu wanajifungia ndani, kuna joto la usiku linalokunyima usingizi, na sisi tunajidai kila mwezi ni sawa, malengo yaleyale, kasi ileile. Binafsi naamini kila mtu anatakiwa aijue miezi yake migumu. Andika tu mahali, leo hali ya hewa ilikuwa hivi na mudi ilikuwa hivi, ukifanya mwaka mzima utaanza kujiona, na mwezi wako mgumu ukikaribia unajipanga mapema, unapunguza majukumu yanayopungika, unapanga kuonana na watu kabla hujaanza kujificha.

Kuhusu kutembea kwenye miti, kuna utafiti wa 2015 naupenda sana. Watu 38 waligawanywa, wengine wakatembea dakika 90 sehemu yenye majani na miti, wengine pembeni ya barabara yenye magari mengi. Waliotembea kwenye majani walirudi wakiwa wamepunguza kule kuwazawaza, yaani lile wazo baya moja linalozunguka kichwani, na eneo la ubongo linalohusika nalo lilikuwa limetulia zaidi. Wa barabarani, hamna kitu. Wote walitembea, kwa hiyo sio mazoezi peke yake.

Ila tafadhali, mtu mwenye sonona ambaye hata kuoga ni vita usimwambie "we nenda katembee utakuwa sawa". Inaumiza. Huyo anahitaji daktari au mshauri nasaha, na kama anawaza kujidhuru anahitaji msaada leo leo, asiachwe peke yake. Jua na miti vinakaa pamoja na tiba, havichukui nafasi yake. Kama una nguvu ya kumsaidia, mwambie "twende wote mpaka pale nje", alafu mkae hata bila kuongea.

Na wasioweza kutoka kabisa? Mwaka 1984 huohuo mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo kwenye hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, 23 dirisha lao lilitazama miti na 23 lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu chache zaidi. Dirisha tu! Kwa hiyo kama una mgonjwa au mzee ndani, sogeza kitanda mpaka dirishani, fungua pazia kukikucha, na kama huko nje ni ukuta mtupu muwekee mmea kwenye kopo pale anapouona akiwa amelala, na umwachie yeye kazi ya kuumwagilia kama mikono inaruhusu.