Bia hafifu ya nyumbani: kileo kidogo, lakini nani kakipima?

Tembo la mnazi likigemwa alfajiri Pemba ni tamu. Jioni limeshakuwa kali, na hakuna aliyelitia kitu. Joto na saa zimetosha. Nalianzia hapo kwa sababu mjadala wa bia hafifu ya kupika nyumbani, yenye ladha nyingi na kileo kidogo, huku kwetu huishia kwenye asilimia, na saa zikasahauliwa.

Rafiki yangu mmoja, Mkristo kutoka bara anayefanya kazi hotelini Nungwi, huipika chumbani kwake. Hoja yake ina uzito. Ladha ya bia, anasema, inatoka kwenye kimea. Kimea cha shayiri kikilowekwa katika maji ya nyuzi 62 hivi, wanga hugeuka sukari ambayo hamira huila karibu yote. Maji yakiwa nyuzi 70 na ushei, hubaki sukari nyingi ambazo hamira haiziwezi, na kinywaji kikawa kizito mdomoni bila kileo kingi. Ipo pia hamira isiyokula maltosi, sukari kuu ya kimea. Yeye hutia tangawizi, maganda ya ndimu na karafuu mbili tatu, na harufu yake, kusema kweli, inavutia. Kisha huniuliza: mkate wa kumimina si mnauumua kwa hamira? Ndizi iliyoiva mno si ina chembe ya kileo? Nchi nyingi huhesabu asilimia 0.5 kuwa si kileo.

Kwa sisi wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi visiwani, jibu linajulikana: kinacholevya kikiwa kingi, kichache chake ni haramu. Wengi huishia hapo. Mimi naongeza kwamba katika Sahihi ya Muslim imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akilowekewa zabibu, akanywa maji yake siku hiyo, kesho yake na kesho kutwa, ikifika jioni ya siku ya tatu, yakibaki humwagwa. Ladha haikukatazwa. Saa ndizo zilizoangaliwa, kama mgema anavyoziangalia.

Na saa ndizo zinazomshinda rafiki yangu. Ili kileo kisizidi asilimia 0.5, uzito wa maji ya kimea kwenye haidromita, kifaa kinachoelea ndani yake na kuonyesha uzito ukipungua kadiri sukari inavyogeuka kileo, usishuke zaidi ya pointi 4 hivi (pointi moja ni 0.001), tuseme kutoka 1.020 hadi 1.016. Kifaa hicho kwa kawaida kimepimiwa nyuzi 20. Pima mara moja maji yakiwa na nyuzi 30 na mara nyingine yakiwa yamepozwa, joto peke yake limeshakusogezea pointi 2. Hiyo ni nusu ya kipimo chote! Na akiikatiza hamira ya kawaida njiani kwa kuweka chupa kwenye friji, sukari imebaki na hamira ingali hai. Umeme ukikatika, inaendelea kula: kileo kinapanda na chupa inaweza kupasuka. Unguja tulikaa gizani miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Atakayenihakikishia friji ni nani?

Kuna na usalama. Bia ya kawaida hulindwa na kileo chake dhidi ya vijidudu. Hafifu haina ngao hiyo, kwa hiyo lazima iwe na uchachu wa kutosha, pH (kipimo cha uchachu, kikiwa kidogo uchachu ni mkali) chini ya 4.6, na vyombo vichemshwe. Ndimu husaidia, ila ipimwe.

Kwa hiyo nyumbani kwangu ni maji ya kimea yaliyochemshwa na viungo, bila hamira, yanywewe siku hiyohiyo. Rafiki yangu anasema hayo ni uji mwepesi tu, kwamba kuchachuka kunaleta harufu ambayo viungo haviwezi kuileta. Hapo ana haki, nami sina cha kumpa badala yake. Anywe yake kwa dini yake. Nilichomwomba ni kimoja: asiitie kwenye jagi akawakaribisha jirani kwa jina la sharubati. Sasa kila chupa ameibandika karatasi yenye tarehe aliyoitia hamira na neno "bia".