Templar Hawakupandisha Bei ya Mkate

Kuelekea mwisho wa Assassin's Creed Unity, gemu ya mwaka 2014 inayohusu Mapinduzi ya Ufaransa, Robespierre, mmoja wa viongozi wa mapinduzi hayo, amebanwa na watu wawili wanaotaka kujua bosi wake amejificha wapi. Anagoma kusema. Élise, mmoja wa hao wawili, anachomoa bastola, anamvunja taya kwa risasi, halafu anampa kalamu na karatasi. Mdomo umeshindwa, basi mkono uandike. Robespierre anaandika.

Waliotunga tukio hilo wanaijua historia. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 1794 Robespierre kweli alipigwa risasi ya taya, na hadi leo wanahistoria wanabishana kama alijipiga mwenyewe au alipigwa na askari. Palikuwa na upenyo, wao wakapenyeza kisa chao. Kwa hilo nawavulia kofia. Kinachonikera ni huyo bosi. Robespierre, mtu aliyetingisha Ulaya nzima, anageuzwa kibaraka wa chama cha siri, Templar.

Ndivyo mfululizo huu wa kampuni ya Ubisoft unavyokwenda tangu 2007. Chini ya kila tukio kubwa wamo Templar wanaotaka kuipanga dunia wapendavyo wao, na wamo Assassin, chama kingine cha siri, wanaowawinda. Yerusalemu ya 1191, Florence ya 1478, London ya 1868, adui ni yuleyule, anabadilisha nguo tu.

Wanaoutetea mtindo huu wana hoja. Stelingi anahitaji adui mwenye sura, wa kufukuzwa juu ya mapaa. Deni la taifa halichomeki kisu. Tena njama zenyewe zilikuwepo: tarehe 26 Aprili 1478, ndani ya kanisa kuu la Florence, watu wa ukoo wa Pazzi na wenzao walimuua Giuliano de' Medici, wa ukoo uliotawala mji huo, ibada ikiendelea, kaka yake Lorenzo akaponea chupuchupu. Kuna vijana wengi wanaolijua tukio hilo kwa sababu walilicheza, si kwa sababu walilisoma. Mwaka 2018 kampuni hiyohiyo ilitoa toleo la matembezi la gemu yake ya Misri ya Cleopatra, halina maadui wala damu, ni la kujifunza tu. Kwa darasani ni zuri sana. Lakini sijaona mtu akikesha nalo.

Gharama ya mtindo huu wa njama inaonekana Paris. Julai 1788 mvua ya mawe iliharibu mashamba, ikafuata baridi kali, na serikali ilikuwa imeelemewa na madeni, yakiwemo ya kuwasaidia Wamarekani kupigana na Uingereza. Mkate ukapanda bei mpaka ukawa unameza sehemu kubwa ya ujira wa kibarua. Gemu inasema nini? Kuna mama mmoja wa Templar, Marie Lévesque, amefungia chakula ghalani. Mchome kisu, mambo yaende.

Tuwatendee haki: Waparisi wenyewe wa wakati ule waliamini hivyo hivyo, kwamba wakubwa wanaficha nafaka ili wanyonge wafe njaa. Uvumi huo ni sehemu ya historia. Ila uvumi ukiwa mdomoni mwa mtu wa foleni ya mkate ni jambo moja, na ukiwa ndiyo jibu la gemu nzima ni jambo jingine. Tarehe 5 Oktoba 1789 maelfu ya wanawake wa masokoni waliondoka Paris kwa miguu hadi Versailles, mvua ikinyesha, wakamfuata mfalme kwake. Kama shida yao ilipikwa na watu wachache gizani, hasira yao nayo inakuwa ya kupangiwa. Gemu ilipotoka, Jean-Luc Mélenchon, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto wa Ufaransa, alilalamika kwamba imewachafua watu wa mapinduzi. Alikuwa na lake la kisiasa, lakini hakuwa amekosea sana.

Na wazo lenyewe si geni. Mwaka 1797 padri Augustin Barruel, adui mkubwa wa mapinduzi hayo, alianza kuchapisha maandishi akidai yalikuwa njama ya wanafalsafa, Freemason na Illuminati, akaivuta mizizi yake hadi kwa Templar. Nao hao Templar, ambao katika historia walikuwa shirika la Kikristo la watawa wapiganaji, waliangushwa na tuhuma za namna hiyo. Tarehe 13 Oktoba 1307 Mfalme Philip wa Nne wa Ufaransa, aliyekuwa na njaa kubwa ya fedha, aliamuru wakamatwe kwa madai ya ibada za siri na kufuru. Wakateswa, wengi wakakiri. Unity inafunguka na siku za mwisho za mkuu wao, Jacques de Molay, aliyechomwa moto 1314, halafu inaendelea kana kwamba mfalme hakukosea kuwaogopa. (Assassin nao wametokana na Waismailia wa Nizari, Waislamu wa Kishia, ambao ndugu zao wa imani wana jamatkhana Dar, Mombasa na Nairobi. Gemu imewapa ushujaa, ila dini yao imewekwa pembeni.)

Sisi tuliozoea kuona matangazo ya kujiunga na Freemason yamebandikwa kwenye nguzo za umeme, yakiwa na namba ya simu na ahadi ya utajiri, tunajua fikra hii inavyouzika. Sisemi gemu ndiyo iliyoileta. Ilikuwepo, gemu inaitumia.

Dawa ya tatizo hili imo ndani ya mfululizo huohuo. Assassin's Creed III, ya 2012, inayohusu Mapinduzi ya Marekani, inakuweka kwanza ndani ya viatu vya Haytham Kenway, muungwana, jasiri, mwenye akili. Sura tatu zinapita unampenda, ndipo unagundua kuwa ni Templar. Baadaye mwanawe Connor, ambaye mama yake ni Mmohawk, mmoja wa wenyeji wa asili wa Amerika, anamsaka Charles Lee wa Templar akiamini ndiye aliyechoma kijiji chao na kumuua mama yake. Haytham anamfumbua macho: amri ilitoka kwa George Washington. Kijiji hicho ni cha kubuni, lakini mwaka 1779 jeshi la Washington, kwa maagizo yake, kweli lilichoma vijiji zaidi ya 40 vya Wairoquois, muungano wa makabila ambao Wamohawk wamo. Hapa Templar yupo, njama ipo, na bado dhambi imebaki kwa aliyeitenda. Miaka miwili baadaye, watu walewale wa Ubisoft wakampa Robespierre bosi.