Wanane kati ya 141: kwa nini naibu gavana hafai kufutwa

Kila kaunti inaposoma bajeti, na kila naibu gavana anapokorofishana na mkubwa wake hadharani, hoja ileile hurudi Kenya: cheo hiki kifutwe, fedha ziende kwenye zahanati na barabara. Wanaoileta hawakosi sababu. Katiba ya 2010 ilimweka naibu ndani ya kamati kuu ya kaunti bila kumpa kazi hata moja iliyo yake peke yake. Kifungu cha 180 kinamtaka mgombea ugavana ajitafutie mgombea mwenza, na kinaizuia tume ya uchaguzi, IEBC, kuandaa kura ya peke yake ya naibu. Kifungu cha 179 kinamruhusu kukaimu gavana asipokuwepo. Kisha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 32, inasema gavana anaweza kumpa wizara au jukumu jingine. Anaweza; halazimiki. Gavana akinuna, naibu hubaki na ofisi, gari, dereva, walinzi na mshahara, na meza isiyo na faili.

Kifungu hichohicho kinamfunga zaidi. Naibu akikaimu haruhusiwi kuteua wala kumfuta mtu kazi, na gavana mwenyewe hana ruhusa ya kumkabidhi mamlaka hayo. Gavana akilazwa miezi mitatu na kiti cha waziri wa afya wa kaunti kikawa wazi, kitakaa wazi miezi mitatu. Mlipa ushuru anayeuliza analipia nini hapo ana haki ya kujibiwa.

Jibu halipatikani kwenye ratiba ya kazi za kila siku za naibu. Linapatikana kwenye orodha ya waliorithi. Kati ya uchaguzi wa Machi 2013 na Machi 2025, manaibu wanane waligeuka magavana katikati ya muhula. Wanne walirithi marehemu: Samuel Wamathai wa Nyeri baada ya Nderitu Gachagua (Februari 2017), Mutahi Kahiga wa Nyeri hiyohiyo baada ya Wahome Gakuru (Novemba 2017), Hillary Barchok wa Bomet baada ya Joyce Laboso (2019) na Amos Nyaribo wa Nyamira baada ya John Nyagarama (Desemba 2020). Wanne walirithi waliobanduliwa na Seneti: James Nyoro wa Kiambu baada ya Ferdinand Waititu (Januari 2020), Ahmed Ali Muktar wa Wajir baada ya Mohamed Abdi (2021), Anne Kananu wa Nairobi baada ya Mike Sonko (2021) na Isaac Mutuma wa Meru baada ya Kawira Mwangaza (2025).

Kaunti ni 47 na chaguzi kuu zilizohusika ni 3, kwa hiyo tumechagua jozi 141 za gavana na naibu. Wanane kati ya 141 ni takriban jozi moja katika kila 18. Lakini wastani huo unaficha jambo. Muhula wa 2013 ulitoa mrithi mmoja, na wa 2022, kufikia Machi 2025, mmoja. Muhula wa 2017 peke yake ulitoa sita, yaani karibu kaunti moja katika kila nane ilipata katikati ya muhula gavana aliyeingia kama naibu. Mwananchi wa Nyeri aliona kifungu cha 182 cha Katiba, kinachompa naibu kiti cha gavana kikiwa wazi, kikitumika mara mbili ndani ya miezi tisa, mara ya pili gavana akiwa hajafikisha hata miezi mitatu ofisini. Ukimwambia huyo kwamba naibu ni tairi la spea, atakuuliza umewahi kusafiri bila spea ukafika wapi.

Sasa tufute cheo, kama tunavyoshauriwa. Gavana akifa, nani anaingia? Katiba imekwisha jibu kwa hali ya viti vyote viwili kuwa wazi: spika wa bunge la kaunti anashika kwa muda, na uchaguzi unafanyika ndani ya siku 60. Spika hachaguliwi na wapiga kura. Anachaguliwa na wawakilishi wadi, tena kutoka nje yao. Na nusu ya wale magavana wanane waliondoka kwa hoja iliyoanzia katika bunge la kaunti. Bila naibu, anayeongoza kikao kinachompigia gavana kura ya kumwondoa ndiye anayekalia kiti chake Seneti ikikubali. Ni kweli naibu naye hunufaika gavana akianguka, na ndiyo maana magavana wengi humwangalia kwa jicho la pembeni. Ila naibu hana kura bungeni wala rungu la kuongozea kikao, na jina lake lilijulikana kabla ya siku ya uchaguzi.

Hatuna haja ya kubuni mfano, maana Nairobi iliishi bila naibu karibu miaka mitatu. Naibu gavana Polycarp Igathe alijiuzulu Januari 2018. Katiba ilikuwa kimya kuhusu namna ya kujaza nafasi ya naibu. Waandishi wake waliiga mfumo wa rais na naibu wake, lakini hawakuiga kifungu cha 149 kinachoeleza naibu rais anavyopatikana nafasi ikiwa wazi. Spika wa bunge la Embu alikuwa ameshapeleka swali hilo Mahakama ya Juu mwaka 2015, na ushauri wa mahakama ukatolewa 2018: gavana ateue ndani ya siku 14, bunge la kaunti lipige kura ndani ya siku 60, vipimo vilevile vya kifungu cha 149. Kilichokosekana ni adhabu. Gavana akikaa kimya siku ya 15, hakuna kinachotokea.

Na gavana ana sababu ya kukaa kimya. Akiwa hana naibu, kumwondoa ni kuiingiza kaunti nzima kwenye uchaguzi mdogo, jambo ambalo vyama huliogopa. Huo ni ukuta ambao hakuna sheria iliyokusudia kuujenga. Sonko alipendekeza jina la Miguna Miguna Mei 2018, na halikufika kwenye kiapo. Desemba 2019 Sonko alishtakiwa kwa ufisadi na mahakama ikamzuia kuingia ofisini. Miezi michache kabla, Kiambu ilikuwa imekutwa na hali hiyohiyo, lakini Nyoro alikuwepo akakaimu, hata kama kifungu cha 32 kilimfunga mkono mmoja. Nairobi haikuwa na wa kukaimu. Februari 2020 ikakabidhi serikali ya kitaifa majukumu manne makubwa, ikiwemo afya na uchukuzi. Yalikuwepo mambo mengine nyuma ya mkataba ule, lakini siwezi kuuona ukitiwa saini kwa urahisi ule kama pangekuwa na naibu aliyeapishwa, mwenye haki ya kukalia kiti.

Jina la Kananu lilipelekwa Januari 2020. Seneti ikamwondoa Sonko tarehe 17 Desemba 2020, spika Benson Mutura akashika usukani, na uchaguzi mdogo ukapangiwa Februari 2021. Kananu akahojiwa na kuapishwa kuwa naibu tarehe 15 Januari 2021, aliyemteua akiwa ameshaondoka; uchaguzi nao mahakama iliusimamisha. Alikula kiapo cha ugavana Novemba 2021. Kati ya wale wanane, ni yeye tu ambaye hakuwa kwenye jozi iliyopigiwa kura, na hilo ni tunda la nafasi iliyoachwa wazi muda mrefu.

Upande wa ugomvi nao una uzito wake. Mwaka 2023 William Oduol wa Siaya alimlaumu gavana wake waziwazi kuhusu matumizi ya fedha. Bunge la kaunti likapitisha hoja ya kumwondoa yeye, na Seneti ikamwokoa. Machi 2024 Seneti ikamwondoa Robert Monda wa Kisii, naibu wa kwanza kubanduliwa kwa njia hiyo. Kifungu cha 181 cha Katiba kinamtaja gavana tu, na utaratibu wake ndio unaotumika kwa naibu pia. Naibu asiye na fungu lake la bajeti anaweza kunyimwa mafuta ya gari bila barua yoyote. Hayo yote ni maradhi ya kweli. Dawa yake naiona kwenye kifungu cha 32 cha sheria ile ya 2012: wizara ya naibu iandikwe kwa lazima, fungu lake la bajeti lisimame peke yake, na akikaimu zaidi ya siku 30 aruhusiwe kujaza nafasi za dharura kwa idhini ya bunge la kaunti. Hakuna linalohitaji kura ya maoni.

Kuna hesabu nyingine ambayo wanaotaka cheo kifutwe hawaigusi, na hata wanaokitetea huisahau. Kifungu cha 182 kinasema naibu akirithi kiti huku ikibaki zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya uchaguzi mkuu, kipindi hicho kinahesabiwa muhula kamili, na mihula mwisho ni miwili. Kahiga aliingia Novemba 2017 na Barchok 2019. Wote walishinda 2022, kwa hiyo 2027 hawawezi kugombea. Nyaribo aliingia Desemba 2020, akashinda 2022 naye, na yeye mlango bado u wazi. Nyoro aliapishwa mwishoni mwa Januari 2020 kwa uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022: alivuka mstari kwa kama siku kumi tu.

Mutuma ndiye anayenishughulisha zaidi. Seneti ilimwondoa Mwangaza Agosti 2024, ikibaki karibu miaka mitatu. Mahakama Kuu ikasimamisha uamuzi huo, na ikauthibitisha Machi 2025. Mutuma akaapishwa Machi 17, ikibaki chini ya miaka miwili na nusu hadi Agosti 2027. Angeapishwa wiki ya uamuzi wa Seneti, angekuwa ametumia muhula mmoja tayari. Kwa sababu ya miezi saba ya kesi, hajatumia hata mmoja. Katiba inapima kuanzia siku ya kushika ofisi, na wakili yeyote wa kaunti anaweza kuona faida au hasara ya kuchelewesha kiapo. Siku ya kupimia ingekuwa ile kiti kilipotangazwa wazi na Seneti au kwa kifo, kalenda ya mahakama isingekuwa na neno katika ni nani agombee Meru mwaka 2032.